Kandambili Kando ya Friji: Mhadhara juu ya Hatari Tulizozizoea Majumbani

Nazungumzia jambo ambalo kwangu ni kazi ya kila siku, na ambalo kila mmoja wenu atalikuta nyumbani kwake akirudi usiku huu.

Mimi ni fundi umeme. Nimefunga nyaya kwenye nyumba za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka ya karibuni naitwa zaidi kukagua kuliko kufunga. Mtu anataka kununua nyumba, au anahamia, au ameponea chupuchupu, ananipigia simu: fundi, njoo ututazamie. Naenda na testa, mita, tochi, ngazi na daftari. Naitwa kwa ajili ya umeme, lakini macho hayachagui. Nimejifunza kutazama na majiko, madirisha, kuta, hata tangi la maji. Niruhusuni nianzie kwenye nyumba moja.

Nyumba yenyewe iko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mtu na heshima zake, na kijana wake aliyeko mbali ndiye aliyesisitiza ikaguliwe kabla wajukuu hawajaja likizo. Mzee alinipokea getini. Rangi mpya, dari ya jipsamu, sakafu ya vigae iliyong'arishwa hata unaona uso wako. "Fundi," akaniambia, "hapa utazunguka bure. Nyumba hii haina tatizo."

Tukazunguka. Sebuleni sawa, vyumbani sawa. Tulipofika jikoni nikaona kandambili kando ya friji. Zilikuwa kubwa, za kiume, zimepangwa vizuri juu ya kipande cha boksi, zimeelekezwa kwenye friji kama zinazomsubiri mtu. Nikanyoosha mkono nifungue mlango wa friji. Binti anayesaidia kazi pale nyumbani, ambaye muda wote alikuwa kimya akiosha vyombo, akasema haraka:

"Kaka, vaa hizo kwanza."

"Kwa nini, dada?"

"Friji linapiga. Ukivaa hizo halikupati."

Mzee akamtazama binti, kisha akanitazama mimi. "Ah, hiyo ni shoti ndogo tu," akasema. "Tumeshaizoea."

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye bawaba ya friji na nyingine kwenye bomba la sinki. Ilisoma volti 140. Sakafu ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki, bado mbichi. Na wajukuu walikuwa njiani, watoto ambao hakuna aliyewaeleza habari za kandambili, ambao wangetoka kuoga na miguu mitupu wakakimbilia maji baridi.

Tangu siku ile nimekuwa nikizitafuta kandambili hizo katika kila nyumba ninayoingia, na kila nyumba inazo za kwake. Mahali pengine ni swichi inayowashwa kwa mpini wa ufagio. Pengine ni ngazi ambayo kila mtu anairuka daraja la tatu, au dirisha lisilofunguliwa kwa sababu ukilifungua fremu inatoka. Hatari karibu zote nilizowahi kuandika kwenye daftari langu zilikuwa zinajulikana na mtu ndani ya nyumba ileile. Na mara nyingi anayezijua ni yule asiyeulizwa: binti wa kazi, mtoto, mpangaji wa chumba cha uani, bibi anayeshinda nyumbani. Yule anayezungumza na fundi getini ndiye anayezijua kidogo kuliko wote.

Kwa hiyo sasa, kabla sijafungua begi la vifaa, naomba kukaa na watu wa nyumba niwaulize swali moja: humu ndani mnakikwepa nini?

Hilo ndilo swali ninalotaka mwondoke nalo leo. Lakini ili jibu lake liwe na maana, lazima tujue kila kinachokwepwa kina nini nyuma yake.

Umeme unaovuja

Turudi kwa mzee. Kila friji, pasi, birika au mashine ya kufulia yenye mwili wa chuma inatakiwa iunganishwe na waya wa tatu, waya wa ardhini, ambao mafundi tunauita ethi. Waya huo unatoka kwenye kifaa, unapita kwenye soketi na mein swichi, unaishia kwenye fito ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Umeme ukivuja ndani ya friji ukagusa bati lake, unapata njia ya kwenda zake ardhini. Njia hiyo ikikatika, umeme unabaki pale kwenye bati ukimsubiri mtu awe njia.

Nilifuata waya wa ethi wa nyumba ile kutoka kwenye mein swichi hadi nje. Ulishuka ukutani, ukafika chini ya dirisha, ukaishia hewani. Palipokuwa na fito sasa palikuwa na vitofali vya pevingi. Wajenzi waliopendezesha uwanja walikuta kijichuma kimechomoza, kinawasumbua kusawazisha, wakakikata. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia kile kilikuwa kitu gani.

Lakini palikuwa na kosa la pili, na hili lilinihuzunisha zaidi kwa sababu lilifanywa na fundi mwenzetu. Ndani ya boksi la mein swichi palikuwa na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile chenye kitufe kidogo cha majaribio. Nyaya zilikuwa zimekiruka. Kilikuwa pale kama pambo. Mzee akakumbuka: "Kilikuwa kinatusumbua. Kila mvua ikinyesha kinakata umeme. Fundi akaja akatatua." Kifaa kile kilikuwa kikisema kweli kila mvua iliponyesha. Kilikuwa kinasema kuna mahali unyevu umeingia na umeme unavuja. Badala ya kumtafuta mgonjwa, wakamnyamazisha daktari.

Hapa nataka nifafanue jambo ambalo hata watu waliosoma hulikosea. Wengi wanaamini kwamba breka ipo ili kumlinda mtu. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Umeme wa miliampia 30 ukipita kifuani unatosha kuanza kuuvuruga moyo, na ndiyo maana kile kifaa cha kitufe hutengenezwa kikate umeme kwenye kiwango hicho, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya ampia 32 inasubiri umeme unaozidi mara elfu moja ya huo. Unaweza kushikwa na umeme mpaka ukafa, na breka ikawa imetulia mahali pake, kwa sababu kwa hesabu yake hakuna kilichoharibika.

Hata fito ya ardhini peke yake inaweza isitoshe. Umeme wetu ni volti 230. Fito ikiwa kwenye udongo mkavu wenye ukinzani wa omu 20, umeme utakaopita hapo ni kama ampia 11 na nusu. Breka ya ampia 32 haishtuki kwa hizo. Fito na kifaa cha kuvuja vinafanya kazi pamoja, kama kinu na mchi. Na kifaa chenyewe kinapimwa na mtu yeyote, bila fundi: bonyeza kitufe cha majaribio. Umeme ukikatika, kizima. Usipokatika, mwite fundi mwenye leseni. Hapa Tanzania leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, na una haki ya kumwambia fundi akuonyeshe ya kwake kabla hajagusa waya.

Kuna na kijiti. Nadhani mnakifahamu. Plagi zetu za pini tatu bapa zinafuata kiwango kilichotoka Uingereza mwaka 1947. Waliozibuni walifanya pini ya juu, ile ya ethi, iwe ndefu kuliko zingine, ili iingie ya kwanza na itoke ya mwisho. Ndiyo inayofungua vifuniko vidogo vilivyoziba matundu ya umeme, ili mtoto akichokonoa asifikie kitu. Sasa chaja ya pini mbili haina pini ya kufungulia. Tukabuni dawa: kijiti, au mfuniko wa kalamu, unachomekwa kwenye tundu la juu. Nimeingia nyumba ambazo kijiti kimeachwa humo moja kwa moja, soketi iko wazi mchana na usiku, kimo cha mtoto anayetambaa. Adapta ya kuondoa haja ya kijiti hicho ni ya bei ndogo. Leo usiku, mzazi mwenzangu, pita chumba hadi chumba uking'oe vijiti.

Ekstensheni nayo ina hesabu yake. Plagi moja ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000. Birika ni wati 2,000, pasi ni 1,500. Vyote viwili kwenye ekstensheni moja asubuhi wakati watoto wanajiandaa kwenda shule vimeshazidi, na ekstensheni nyingi za mitaani nyaya zake ni nyembamba kuliko maandishi yake. Ushike mwili wa plagi baada ya dakika kumi. Ikiwa imepata moto, ikiwa plastiki imegeuka kahawia, au ukinusa shombo mahali ambapo hakuna samaki, hiyo ni plastiki inayoanza kuungua.

Na kabla sijauacha umeme, niseme la kamba ya nguo. Nilikagua nyumba ambapo mama mmoja aliniambia, "Siku za mvua hatuaniki upande ule." Upande ule palikuwa na kamba ya waya iliyofungwa kutoka kwenye ncha ya paa la bati hadi kwenye mwembe. Nilipanda ngazi. Waya wa umeme unaotoka nguzoni ulikuwa umelalia ukingo wa bati, na upepo wa miaka ulikuwa umeusugua mpaka ngozi yake ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Bati likilowa, paa zima na kamba ya nguo vilikuwa vinaingia umeme kidogo kidogo. Mama yule hakuwa na mita. Alikuwa na vidole vilivyowahi kufa ganzi, na alijua siku gani na upande gani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Moto wa kupikia

Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, na mimi nalishangilia, kwa sababu nimeona mapafu ya akina mama yalivyolipia gharama ya moshi. Lakini maana yake pia ni kwamba mitungi ya gesi inaingia kwenye vyumba ambavyo havikujengwa kwa ajili yake: chumba kimoja chenye kitanda, pazia, na mtungi wa kilo sita na jiko lake juu, hatua mbili kutoka kwenye mto wa kulalia.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi. Inatambaa sakafuni kama maji, inajaa chini ya kitanda na kwenye kona. Yenyewe haina harufu. Harufu ile mbaya imetiwa makusudi ili pua ikushtue. Kwa hiyo ukiisikia, mwili wako umepewa taarifa. Usiwashe taa, wala usiizime, kwa maana cheche ndogo ya swichi yatosha. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toa watu nje. Na kupima kama unavuja hakuhitaji fundi wala kiberiti: changanya sabuni na maji, paka povu kwenye kiungio na kwenye mpira. Yakitokea mapovu mapya, unavuja. Mtungi ukae wima, mahali penye upepo, na mpira uliokakamaa au kuchanika ubadilishwe. Mpira mmoja una bei ndogo kuliko mafuta ya kupaka kidonda cha moto.

Mkaa una ubaya wa namna nyingine, na huu niliukuta Njombe. Mwezi wa saba kule baridi inachoma mifupa. Niliitwa kutazama nyaya za nyumba ya familia moja, baba, mama na watoto wawili. Nilipouliza swali langu, mama akasema umeme hauna shida, shida ni kwamba nyumba ile "ina malaria". Wote wanaamka na kichwa kizito, mdogo anatapika. Wamepima mara mbili, hawakuonekana na vimelea.

"Mkiwa shambani kichwa kinauma?" nikamuuliza.

"Kinaisha tukitoka nje."

Jibu lile lilinisimamisha nywele. Kwenye kona ya chumba walicholala palikuwa na jiko la mkaa. Walikuwa wanainjika maharage jioni, na makaa yakishakuwa mekundu, bila moshi, wanaliingiza ndani lipashe chumba na kufunga dirisha kwa blanketi. Waliamini kwamba moshi ukishakwisha, madhara yamekwisha. Lakini makaa mekundu hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inashikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, na mtu analala akidhani ni usingizi. Wale walikuwa wanaamka kila siku kwa sababu blanketi la dirishani lilikuwa na matundu. Blanketi jipya lingewaua.

Ndugu zangu wa Makete, Mbeya, Arusha, na wenzetu wa nyanda za baridi za Kenya: jiko la mkaa lisilale chumba kimoja na binadamu. Ongezeni blanketi. Na kichwa kinachouma ndani kikapona nje msikiite malaria kabla hamjatazama kona.

Mlango wa kutokea

Sasa niwaombe mfumbe macho mwone chumba mnacholala. Ni saa nane usiku, umeme umekatika, moshi umejaa sebuleni. Mnatokea wapi?

Swali hili siku hizi nawauliza watoto, kwa sababu hawana sababu ya kupamba jibu. Kijana mmoja wa miaka kama tisa alinijibu bila kusita: "Ufunguo uko chini ya mto wa baba." Na baba akisafiri? "Mama anaufungia kabatini." Madirisha yote ya nyumba ile yalikuwa na nondo zilizochomelewa, nene kama kidole gumba. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli mbili. Mtoto yule alikuwa ameijua nyumba yake vizuri kuliko aliyeijenga: alijua kwamba akiwa peke yake na mdogo wake, hana pa kutokea.

Naelewa kwa nini tunafunga nondo. Mwizi si hadithi, na aliyewahi kuvunjiwa halali tena kama zamani. Ninachoomba ni kwamba katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na nondo za bawaba, zenye komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na lililofunikwa lisifikiwe kwa mkono kutoka nje. Mafundi wetu wa kuchomelea wanazitengeneza wakiombwa. Na ufunguo wa mlango utundikwe kwenye msumari mmoja usiobadilika, mbali na dirisha, kimo cha mtoto anayeweza kufungua. Kila mtu alale anaujua, akiwemo mgeni. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikeni ukutani, kwa maana kwenye moshi simu hujui imeanguka wapi, lakini jirani atasoma.

Ufa nyuma ya kalenda

Sisi Waswahili tuna methali ya ufa na ukuta, na tumeitumia kuasa watoto, kusuluhisha ndoa na kuonya viongozi. Tumeitumia kwa kila jambo isipokuwa ufa wenyewe. Ufa tunautundikia kalenda.

Nikiingia chumbani nikaona kalenda imetundikwa mahali pasipo pa kawaida, chini mno au kwenye kona ambapo huwezi kuisoma, naomba ruhusa niiinue. Mara nyingi nakuta kitu. Si kila ufa unatisha. Vile vyembamba kama unywele kwenye plasta ni ngozi tu ya ukuta inayokauka. Unaotisha ni ule unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopita ndani ya tofali, unaoweza kuingiza ukingo wa sarafu, na unaofanya mlango uliokuwa ukifunga vizuri uanze kukwama. Huo unaeleza kwamba msingi upande mmoja unazama.

Dawa ya kwanza haihitaji mhandisi. Chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa kila upande, andika tarehe. Utazame baada ya masika. Ufa uliokaa mahali pake unaweza kusubiri. Ufa uliovuka alama yako umekujibu, na sasa mwite mhandisi. Na nikiwa hapo, mtazame juu ya dari: tangi la maji la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano. Nimeona tangi la namna hiyo limepandishwa juu ya kibaraza kilichojengwa kubeba watu wanne wa kunywa chai.

Majengo makubwa yalituonyesha jambo hilohilo kwa gharama ya kutisha. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua wakafa watu takribani 50. Jengo lile lilikuwa limeshatajwa na mamlaka kuwa halifai kukaliwa na watu, na bado watu walikuwa wanalala humo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib kule Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, wakafa mafundi wawili. Novemba 2024 ghorofa la Kariakoo likaanguka, likaua zaidi ya watu 20, na ndipo Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua maghorofa ya Kariakoo.

Naomba mlitafakari la Huruma. Pale habari ilikuwepo. Wenye mamlaka walijua, na wapangaji walikuwa wanaishi ndani ya kuta zilezile. Kilichokosekana ni daraja kati ya kujua na kuhama. Mtu aliyelipa kodi yake ya mwezi na hana ya mwezi mwingine hahami kwa sababu ya alama ukutani. Umaskini unamfundisha kuvaa kandambili.

Nyumba ya nani?

Hapa ndipo penye ugumu wa mambo yetu. Nikiandika taarifa ya ukaguzi, mpangaji anasema: nyumba si yangu. Mwenye nyumba anasema: mimi sikai humo. Dalali ameshachukua chake. Fundi aliyefunga ameshahamia mkoa mwingine. Hatari inabaki haina baba wala mama, na watoto wanakua nayo.

Tena desturi yetu ya kodi ya miezi mitatu au sita mbele humnyima mpangaji sauti. Kabla ya kulipa, anaogopa kuuliza maswali mengi asije akapewa mwingine. Akishalipa, hana tena cha kushikilia. Kwa hiyo mahali pekee pa kusema ni saa ile moja kati ya kuiona nyumba na kutoa fedha.

Wenzetu wa Uingereza, tuliochukua plagi yao, wameweka sheria kwamba mwenye nyumba ya kupangisha lazima apime gesi kila mwaka, na kule Inglandi umeme ukaguliwe na mtaalamu angalau kila miaka mitano. Tulirithi plagi bila kurithi ukaguzi. Sisubiri sheria hiyo ishuke kutoka juu ndipo nianze. Nina pendekezo dogo, na nalitoa mbele ya wenyeviti wa mitaa waliokaa safu ya mbele.

Mikataba mingi ya kupanga haipitishwi bila muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi ile ina majina, kiasi cha kodi na tarehe. Tuiongezee mistari sita, ijazwe na pande zote mbili wakiwa wamesimama ndani ya nyumba. Kuna kitu chochote humu kinachopiga shoti? Kuna plagi au swichi inayopata moto? Kitufe cha majaribio kimebonyezwa na umeme ukakatika? Gesi na mkaa vitakaa wapi? Usiku unatokea wapi bila kutafuta ufunguo? Ufa upi uliongezeka masika iliyopita? Kila jibu liwe na sahihi. Kazi hii haizidi nusu saa. Mwenye nyumba mwema itamlinda, kwa sababu itaonyesha alichokikabidhi. Mpangaji itampa nafasi ya kusema wakati neno lake bado lina uzito.

Na ndani ya nyumba zetu wenyewe, nawasihi baba na mama wenye nyumba: kabla hamjaita fundi, waiteni watu wenu wote, mkae. Anzeni na mdogo. Anzeni na yule binti anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anayegusa kila swichi, kila jiko na kila mlango wa nyumba hiyo kuliko ninyi mnaoimiliki. Mwulizeni: humu ndani unakikwepa nini? Kisha mnyamaze mpaka amalize. Wahenga walituambia nyumba njema si mlango. Aliye ndani ndiye atakayekwambia yaliyomo.

Nilirudi kwa mzee wetu baada ya wiki. Tulipiga fito mpya ya shaba, tukaunganisha ethi, tukaweka kifaa kipya cha kuvuja, tukatafuta unyevu ulipokuwa unaingilia tukaukuta kwenye taa ya veranda. Mzee mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe, umeme ukakatika nyumba nzima, naye akatabasamu. Wajukuu walikuwa wameshafika, wanakimbizana ukumbini bila viatu.

Kando ya friji kandambili hazikuwepo. Zilikuwa mlangoni pa bafu, mahali pake. Kilichobaki ni alama ya mraba kwenye vigae, pale boksi lilipokaa muda mrefu. Nikamwomba binti maji ya kunywa. Akaenda kwenye friji miguu mitupu, akanyoosha mkono, na mkono ukasita hewani, karibu kabisa na mlango. Akanigeukia. Nikamwambia, "Shika, dada. Tumelitengeneza." Akashika.